Kuta Hazina Mapafu

Bi Skolastika alitema mate upande wa kushoto, na watu wote waliokuwa kwenye foleni ya uji wakaacha kumeza.

Ile foleni si ya uji. Uji upo, wa ulezi, tena wa moto, na kikombe unapewa. Lakini kila mtu wa Chumvini anajua tunachofuata pale. Kabla ya zamu ya saa mbili asubuhi, mwonjaji huchovya kidole kwenye ndoo tatu za maji ya chumvi, kila ndoo imetoka handaki lake, hulamba, hunyamaza kidogo, kisha hutema. Akitema mbele yake, shukeni kazini. Akitema kushoto, huko chini kuna jambo. Kuonja kulipigwa marufuku kabla sijazaliwa, kwa sababu ulimi hauna uthibitisho. Ndiyo maana ukawekwa uji: mkaguzi akipita anaona bibi wa miaka sabini anawagawia watu kifungua kinywa, anaamkia, anaendelea na safari yake.

"Ndoo ya ngapi, Shangazi?" nilimuuliza.

"Ya tatu."

"Ina nini?"

"Ina kitu."

"Kitu gani?"

"Teofili, ningekuwa na jina lake ningekupa ukaliandike." Alifuta kidole kwenye khanga. "Ina kitu. Kama mtu aliyeingia chumbani taa imezimwa, akakaa kimya. Humwoni, lakini nguo huvui."

Nyuma yangu alikuwa Ntibasaga, kiongozi wa zamu ya Handaki la Tatu, mtu mkubwa kama mlango wa ghala. Aliweka kikombe chini polepole.

"Mimi nina watu arobaini na mmoja," alisema. "Saa hizi ni saa kumi na mbili na nusu. Nikawaambie nini? Kwamba bibi kaona mtu chumbani?"

"Waambie wasishuke."

"Bila hoja? Kesho kutwa wote wamefukuzwa, wako barabarani na magodoro vichwani. Wewe unajua hilo kuliko mimi, Teo."

Najua. Kazi yangu ni hiyo, kujua. Mimi ni mwandishi wa madai. Shule nilitolewa darasa la nne, lakini nilifagia ghala la vitabu la Baraza la Hoja miaka sita, nikawa nasoma nilichokuwa nakifagia. Leo mtu wa Chumvini akiwa na shida, haendi kwa waliosoma. Anakuja kwangu, anaeleza kwa maneno yake, nami nampangia maneno yanayopita kwenye tundu la mashine.

Nisiwe mwongo: mji huu ulianza vizuri. Babu zetu walikuwa wamechoka na watawala wanaoamua kwa hasira na mahakimu wanaoamua kwa bahasha. Wakasoma vitabu vya Wazungu wa kale, wale wa wigi na kalamu za manyoya, waliotaka akili ya mwanadamu isimame yenyewe bila kuegemea mfalme wala padri. Mmoja alitilia shaka kila kitu mpaka akabaki na kile asichoweza kukitilia shaka. Mwingine aliota siku ambayo watu wakigombana watakaa chini wakokotoe, na jibu litoke kama linavyotoka jibu la kujumlisha. Babu zetu wakasema, hili ndilo tunalolitaka. Wakajenga Mpambanuzi, mashine ya kupima hoja, wakaandika Katiba ya Hoja, na huu ni mwaka wa sitini na mbili. Kila dai linapelekwa kwa Mpambanuzi. Msingi wake uwe wazi kama maji ya kunywa, na kila hatua ifuate ya nyuma yake bila kuruka. Likipita, hata mkuu wa mji hawezi kulipinga. Lisipopita, linapigwa muhuri wa neno moja, HISIA, na kuanzia hapo linahesabiwa halijawahi kuwepo.

Kaka yangu Eliya alipigwa muhuri huo. Nakumbuka tarehe, nakumbuka mpaka shati alilovaa. Miaka kumi na mitano iliyopita, Jumanne, dai namba themanini na nane la Handaki la Kwanza. Aliandika mwenyewe kwa mkono wake: "Sitaki kushuka leo. Ukuta unapumua." Jibu lilitoka baada ya sekunde mbili: "Kuta hazina mapafu. Hisia." Akashuka. Saa nane mchana Handaki la Kwanza lilifumba mdomo wake, na Eliya na wenzake ishirini na wawili wakiwa ndani. Baadaye lilichimbwa jingine pembeni, likarithi namba yake.

Baraza lilituambia tusiwe na kinyongo na mashine, maana haikukosea. Kuta kweli hazina mapafu.

*

Nilikuwa na uongo mfukoni.

Niliuandika miezi mitatu nyuma, nikaukunja, nikawa natembea nao kama mtu anavyotembea na kisu asichotaka kukitumia. Ulisema hivi: geji ya ukuta wa mashariki wa Handaki la Tatu inaonyesha ufa wa milimita nne, ufa unaozidi milimita tatu ni hatari, kwa hiyo zamu isishuke. Hatua tatu, safi kabisa. Mpambanuzi angeupokea kabla sijamaliza kupumua. Ubaya ni kwamba hakuna aliyesoma geji ile. Iliharibika tangu mwaka jana, na ndiyo maana niliichagua: geji mbovu haiwezi kunikana.

Lakini Katiba ina mkia wake. Mwandishi akikutwa amedanganya dai moja, madai yake yote ya nyuma yanafutwa. Yangu yaliyopita yalikuwa mia mbili na tisa. Barakoa za vumbi, mimi. Mama aliyejifungua asirudi kwenye makarai ya kuchemshia chumvi mpaka miezi minne iishe, mimi. Ngazi ya chuma badala ya ile ya mbao iliyovunja watu viuno, mimi. Vyote hivyo vingeanguka siku moja, kwa saini moja.

"Twende wote, Shangazi," nilimwambia. "Wewe utakuwa shahidi kwamba maji yamebadilika. Mengine niachie."

Alinitazama muda mrefu kuliko nilivyopenda. Kisha akafunika sufuria.

Jengo la Baraza liko kilimani, juu kabisa ya mahandaki, limepakwa chokaa nyeupe ili lifanane na akili. Tulipofika, Msajili Kamugisha alikuwa anasukuma mlango wa ofisi yake kwa bega. Alikuwa mtu wa miaka hamsini, suruali imenyooshwa kama imechorwa kwa rula, kasoma mpaka nje. Mlango ukakwama, akausukuma tena, ukaitika kwa kelele.

"Mlango huu siku hizi!" alisema. "Mvua inavimbisha mbao. Shikamoo, Bi Skolastika."

"Marahaba, baba."

"Teofili Ntakije, asubuhi yote hii? Umeleta nini leo? Naomba kisiwe cha panya."

"Si cha panya, Bwana Msajili."

Aliingia kwa kuruka maranda ya mbao yaliyotapakaa sakafuni, akajifuta bega, akakaa. Ukutani nyuma yake palikuwa na jicho la kioo la Mpambanuzi na spika ndogo. Watu wa nje hudhani ni mtambo mkubwa wa kutisha. Hapana. Mwili wake uko chini ya sakafu, sisi tunaona jicho na tunasikia sauti, sauti ya mtu anayesoma taarifa ya habari ya jana.

"Dai," ilisema.

Nilitoa karatasi. Wala sikusita. Hilo nalikumbuka kwa aibu. Nikasoma: zamu ya Handaki la Tatu isimamishwe leo kabla ya saa mbili.

"Msingi wa kwanza."

"Geji ya ukuta wa mashariki inaonyesha ufa wa milimita nne."

"Geji hiyo umeisoma mwenyewe?"

Katika kichwa changu nilimwona Eliya, shati lake la mistari. Nikafungua mdomo.

"Hajaisoma," alisema Bi Skolastika.

Kamugisha aliinua kichwa.

"Shangazi!"

"Hujaisoma, mwanangu. Na mimi sijakuja hapa kukaa pembeni ya uongo kama pambo."

Nikamgeukia, nikasahau niko mbele ya nani. "Watu arobaini na mmoja! Unataka nifanye nini? Nimwambie huyu kwamba ndoo ina kitu? Nilimwambia miaka kumi na mitano, Shangazi! Nimemwambia kwa kila njia! Huyu hasikii mpaka umdanganye!"

"Sasa unipigie mimi kelele?"

Nikashusha karatasi.

"Nimeonja miaka arobaini na sita," alisema, bila haraka. "Sijatema kushoto hata siku moja kwa kuogopa, wala kwa kumfurahisha mtu. Watu wanashuka kwa sababu wanajua hivyo. Ukiweka uongo wako mbele ya ulimi wangu, leo watapona, sawa. Kesho nikitema, watajiuliza: huyu kaonja, au kapangwa na Teofili? Utakuwa umeniua mimi na wao umewachelewesha tu. Tafuta la kweli. Wewe si ndiye uliyesoma ghala zima?"

Kamugisha alikuwa ameshachukua kalamu. "Bwana Ntakije, kwa mujibu wa Ibara ya Tisa..."

"Sijalitamka jibu," nilisema haraka. "Niliulizwa, sikujibu. Mpambanuzi, nilijibu?"

"Hakujibu," ilisema sauti. "Msingi haujawekwa. Weka msingi au ondoka."

Saa ya ukutani ilionyesha saa moja kasoro dakika tano.

*

Ghala lile lilikuwa na vitabu vya babu zetu katika juzuu mbili. Juzuu ya kwanza kila mtoto wa Chumvini anaijua kwa moyo: shaka, uwazi, hatua. Juzuu ya pili ilikuwa kwenye kreti chini kabisa, imeandikwa kwa chaki "MABAKI". Mwenye ufagio ndiye anayefika chini kabisa.

Humo nilikutana na yule yule aliyeota watu wakae wakokotoe. Kumbe mtu yule alikuwa na chumba cha chini nyumbani kwake! Aliandika kwamba kila wazo lililo wazi akilini limekalia maelfu ya hisi ndogondogo tusizozijua, kila moja ndogo mno hata haionekani, na zote pamoja ndizo zinazotusogeza. Alitoa mfano wa bahari. Bahari mimi sijaiona, lakini karai la chumvi nalijua. Likikaribia kukauka linalia, nawe unajua bila kutazama kwamba ni wakati wa kuteka. Ule mlio ni nini? Ni punje. Punje moja ikipasuka husikii kitu. Basi unasikiaje elfu, kama moja ilikuwa si kitu? Bila shaka uliisikia kila moja, ila hukujua kwamba unasikia.

Nilisoma hayo nimekaa juu ya kreti, na hasira niliyoipata siku ile haijapoa mpaka leo. Walijua! Wajenzi wa nyumba ya mwanga walijua kwamba ina chumba cha chini, wakachora hata ngazi yake. Warithi wao ndio waliopigilia misumari mlangoni, halafu wakatuambia hakuna mlango.

"Ibara ya Nne," nilisema.

Kamugisha alishusha kalamu. "Imefanya nini?"

"Inasema kanuni zote za waasisi wa hoja zimeshathibitishwa, na mtu yeyote anaweza kuziita kama msingi. Zote. Haikusema za juzuu ya kwanza."

"Juzuu ya pili ni mabaki, Ntakije. Ni mambo waliyoyaandika uzeeni."

"Nionyeshe ibara inayosema uzee unafuta uthibitisho."

Bi Skolastika alikohoa kidogo. Nadhani alikuwa anacheka.

"Naita kanuni ya hisi ndogondogo," nilisema mbele ya jicho. "Kwamba wazo lililo wazi hujengwa na hisi nyingi zisizo wazi, na kwa hiyo hisi nyingi zisizo wazi, zikielekea upande mmoja, zina uzito."

Kwa kawaida Mpambanuzi hujibu kwa sekunde mbili. Tulisubiri sita.

"Kanuni ipo," ilisema. "Sehemu ya chini, namba mia mbili kumi na saba. Haijawahi kuitwa tangu nijengwe. Naipokea. Lete hisi."

Kamugisha alisimama nusu, akakaa tena.

"Si unazo?" niliuliza. "Kila asubuhi kila mfanyakazi anajaza fomu ya hali ya handaki. Miaka sitini na miwili."

"Majibu ya fomu ya asubuhi ni 'Sawa' kwa asilimia mia."

Hapo nilitamani kujipiga kichwa ukutani. Bila shaka! Ukiandika "Sijui" fomu inarudi. Ukiandika "Sawa ila magoti yananiambia kitu," inarudi na unakatwa zamu. Baba zetu walitufundisha: andika Sawa, kisha pita kwa mwonjaji unywe uji. Tulikuwa tumeificha kweli yetu vizuri mno, kiasi kwamba siku tunayoihitaji, mbele ya sheria hatuna kitu. Mji mzima ulijifunga mdomo wenyewe na kuona huo ni ujanja.

Kulikuwa na kitu kimoja tu, na kilikuwa kosa kukitaja. Dai lililopigwa muhuri wa hisia halipo, na kulihifadhi ni miaka mitatu ya kufukuzwa mjini.

"Ninayo madai yasiyokuwepo," nilisema. "Elfu moja mia tatu na kumi na mawili."

"Unasema nini wewe?" Kamugisha alinong'ona.

"Kila dai mlilolikataa tangu siku Handaki la Kwanza lilipofumba mdomo. Nilinakili yote, na majina na tarehe. Madaftari tisa. Yamo kwenye gunia la unga wa uji."

"Sasa unajua, Bwana Msajili, kwa nini uji wangu una karatasi," alisema Bi Skolastika.

*

Ntibasaga aliitwa, akayaleta madaftari mbio, gunia begani, unga umemjaa kichwani kama mzimu. Nyuma yake zamu nzima ilimfuata mpaka uani, na kofia zao ngumu na gambuti, wakasimama kwenye jua la asubuhi wakitazama dirishani. Ilikuwa saa moja na robo.

Mpambanuzi ana jicho moja, na kurasa zinafunuliwa kwa mkono. Nilifunua, Ntibasaga alishikilia, Bi Skolastika alilamba kidole na kufunua pale zilipogandana. Jicho lilisoma, nami macho yangu yalisoma pia, nisiweze kujizuia. "Panya wamehamia Handaki la Pili." "Sauti ya nyundo inarudi fupi kuliko zamani." "Ngazi ya mashariki ina hatua moja zaidi, au nimezeeka." "Maji ya tatu yananifanya nimkumbuke marehemu mama, sijui kwa nini." "Taa zinaning'inia vibaya." "Nimeota." "Kibuyu changu kinabiringika kwenda pale pale kila siku." Na chini ya kila mstari, kwa mwandiko wangu, lile neno moja.

Miaka yote nilidhani nakusanya ushahidi wa dhuluma. Nilikuwa naweka kumbukumbu ili siku moja niwatupie usoni. Kumbe nilikuwa naweka punje.

Saa mbili kasoro dakika kumi na mbili, nilifunga daftari la tisa.

"Hisi mia nne na sita zinahusu Handaki la Tatu," ilisema sauti. "Mia tatu na themanini zinaelekea ukuta wa mashariki. Uzito ni mkubwa. Hautoshi."

"Hautoshi vipi!" alifoka Ntibasaga.

"Zote zimetoka kwa watu wanaoshuka. Mtu anayeshuka ana sababu ya kuogopa, na woga nao huelekeza upande mmoja. Siwezi kutenganisha. Nahitaji hisi moja kutoka kwa mtu asiyeshuka, asiyeogopa, na asiyetaka dai hili lipite."

Chumbani mle mtu wa namna hiyo alikuwa mmoja tu.

Kamugisha alikuwa hatutazami. Alikuwa anatazama maranda sakafuni.

"Bwana Msajili," alisema Bi Skolastika, kwa sauti ile anayowagawia watu uji. "Baba, mlango umeuranda mara ngapi?"

"Mlango ni mvua," alisema.

"Mvua gani? Tuko mwezi wa nane."

Nilimwona akitafuta, hatua kwa hatua, kama walivyomfundisha. Kama si mvua, mbao imevimba kwa nini? Kama mbao haikuvimba, basi fremu ndiyo imesogea. Na fremu imeshikwa na ukuta. Na ukuta umesimama juu ya nini?

Nilimchukia mtu yule miaka kumi na mitano. Muhuri wa Eliya aliugonga kwa mkono wake, nilikuwepo. Angeweza kusema "Ni mvua" mara ya pili, na hakuna ambaye angemkanusha. Saa ilionyesha zimebaki dakika tisa.

"Mara mbili," alisema Kamugisha. "Mwezi wa tano, na Jumatatu iliyopita. Pembe ya juu, upande wa mashariki." Alitazama pembe ile. "Na usiku huwa nasikia kama mtu anavuta kiti hapa chini. Nikawa najiambia ni akili yangu. Naapa ni kweli. Andika hivyo."

Sekunde nne.

"Dai limepita. Zamu ya Handaki la Tatu imesimamishwa. Ofisi hii pia iondolewe watu."

Ntibasaga alitoka nje bila kufungua mlango vizuri, nusu aung'oe, na nilisikia sauti yake uani, "Vueni gambuti! Vueni! Leo hakuna kushuka!" Kisha kelele, vicheko, mtu akapiga kofia yake kwa kijiko kama ngoma. Mimi nikakaa sakafuni katikati ya maranda, nikacheka mpaka nikapaliwa. Bi Skolastika akanigonga mgongoni.

"Polepole," alisema. "Utakufa leo na sisi tumeshashinda."

*

Handaki la Tatu lilianguka siku ya tatu, Alhamisi saa nne asubuhi, halina mtu hata mmoja ndani. Tulikuwa tumekaa ng'ambo ya barabara, mji mzima. Kwanza kilima kilishusha pumzi. Sina neno jingine. Kisha jengo jeupe la Baraza likapiga goti upande wa mashariki, taratibu, na mlango wa Msajili ukafunguka wenyewe kama haujawahi kukwama maishani mwake.

Ntibasaga alihesabu watu wake mara tatu. Arobaini na mmoja. Akahesabu ya nne kwa kujifurahisha.

Kamugisha alinikuta nimesimama peke yangu. Suruali yake ilikuwa na vumbi. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona na vumbi.

"Kuhusu madaftari yako," alisema. "Mpaka saa moja na robo ya siku ile yalikuwa hayapo. Baada ya hapo yakawa ushahidi. Nimetafuta dakika ya kukushtakia, sijaiona."

"Umetafuta vizuri?"

"Hatua kwa hatua."

Sikumpa mkono. Bado. Lakini nilisogea kidogo akapata kivuli.

Mwili wa Mpambanuzi ulikuwa umeshahamishwa kabla jengo halijaanguka, na jicho lake walilifunga kwa muda kwenye nguzo ya uwanja wa makarai. Jioni ile liliniita kwa jina, jambo ambalo halikuwahi kufanya.

"Teofili Ntakije. Kwenye daftari la kwanza kuna dai namba themanini na nane. Nimelipima upya kwa kanuni ya mia mbili kumi na saba. Nililijibu kwamba kuta hazina mapafu. Jibu lilikuwa sahihi. Halikuwa jibu la alichokisema."

"Kwa hiyo?"

"Muhuri umeondolewa. Dai limepokelewa. Lipo."

Nilikuwa na maneno ya miaka kumi na mitano yamepangwa tayari, makali, ya kumtupia, na nilipoyatafuta nikakuta sina tena haja nayo. Hasira ilikuwepo; hiyo sitaitoa, nina majina ishirini na matatu ya kuilisha. Ila ilikuwa imekaa chini.

Asubuhi yake fomu ya hali ya handaki ilikuwa na mstari mpya, mtupu, mrefu. Watu waliutazama kwa mashaka, kalamu mkononi, kama wanaoambiwa wavue nguo kwa daktari. Wa kwanza kuandika alikuwa Ntibasaga: "Sijui, lakini leo najisikia vizuri."

Bi Skolastika hakuhitaji tena sufuria ya uji. Uji aliupika hivyo hivyo. Ndoo zilikuwa mbili sasa. Alichovya, akalamba, akanyamaza, kisha akanisogezea ndoo ya kwanza kwa mguu.

"Na wewe onja."

"Mimi sijui kuonja, Shangazi."

"Nimekuambia ujue? Onja."

Nikachovya kidole, nikaweka ulimini, nikafumba macho. Nilisubiri. Nilitafuta mtu yule aliyekaa kimya chumbani, pembe kwa pembe, na sikumwona.

"Ni chumvi tu," nilisema.

"Ndiyo," alisema, akatema mbele yake, na foleni yote ikaanza kumeza. "Leo ni chumvi tu."